Kubadilisha springi, shokapu na bushi za nyuma kwenye stesheni wagoni iliyozeeka

Shokapu haibebi gari. Naanza na sentensi hiyo kwa sababu mimi niliijua kwa gharama. Nilinunua shokapu mbili mpya, nikalala chini ya gari mchana kutwa, nikatoka na kutu hadi kwenye nyusi. Kisha nikasimama hatua kumi nyuma kuitazama kazi yangu, nikakuta gari limekaa vilevile: makalio chini, pua juu, kama mbwa aliyechuchumaa. Shokapu za zamani zilikuwa zimekufa kweli, sikatai. Lakini kilicholilaza gari kilikuwa springi. Na ule mlio wa "gubu" niliokuwa naufukuza kila nikipita kwenye tuta haukutoka kwenye shokapu wala kwenye springi, ulitoka kwenye bushi.

Kwa hiyo tugawane kazi mapema. Springi ndiyo inayobeba uzito. Shokapu inaituliza springi, isiendelee kupanda na kushuka baada ya kila shimo. Bushi, zile raba zilizoshindiliwa kwenye matundu ya vyuma, zinaishika ekseli, chuma kinachobeba magurudumu ya nyuma, mahali pake huku zikiiacha icheze juu na chini. Halafu kuna raba ya kugotea, ambayo inapokea pigo pale springi inapokandamizwa hadi mwisho. Ukijua nani anafanya nini, hutanunua kifaa kwa kubahatisha.

Stesheni wagoni huchoka nyuma mapema kuliko sedani kwa sababu kila mtu huigeuza punda. Watu watano ndani, buti limejaa hadi kioo, keria juu, wakati mwingine trela nyuma. Springi zilizofanya kazi hiyo kwa miaka ishirini au thelathini zina haki ya kuinama.

Kwanza jua gari lako lina mfumo gani

Maelezo haya yanahusu mpangilio wa kawaida kwa stesheni wagoni nyingi za zamani zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma: ekseli nzima (chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu) yenye difu, lile bonge la gia, katikati, springi za mviringo, shokapu iliyokaa peke yake nje ya springi, mikono miwili au minne inayoishika ekseli kwa mbele, na fimbo moja ya kukingama, fimbo ya Panhard, inayozuia ekseli isiyumbe kushoto na kulia. Volvo 240, iliyotengenezwa kuanzia 1974 hadi 1993, ni ya ukoo huo. Peugeot 504 ya stesheni nayo ina ekseli nzima ya springi za mviringo, ila yenyewe ina springi nne nyuma, mbili kila upande, tofauti kabisa na sedani yake. Anayekwenda kununua springi "za 504" bila kusema ni stesheni atarudi na mzigo usiomfaa.

Kama gari lako lina springi za mabapa yaliyopangwa moja juu ya jingine, nitaligusa mwishoni. Kama shokapu imepita katikati ya springi na vyote vimefungwa kuwa kitu kimoja, hatua nyingi ni zilezile, ila springi hiyo haitoki bila kibano maalumu, na hapo nitakuonya kwa sauti zaidi.

Kuna magari ambayo uyaache kwanza. Mercedes-Benz W123 ya stesheni ina mfumo wa nyuma unaojiinua wenyewe kwa mafuta yenye shinikizo, na Citroën CX haina springi za chuma kabisa, inakalia gesi na mafuta. Ukifungua paipu za mifumo hiyo bila kushusha shinikizo, mafuta yanatoka kwa nguvu ya kukuumiza. Baadhi ya stesheni za Volvo nazo zilitoka kiwandani na shokapu nene ziitwazo Nivomat, ambazo hujipampu zenyewe gari linapotembea na kuinua sehemu ya nyuma. Hizo huambatana na springi laini kuliko za kawaida. Ukitoa Nivomat ukaweka shokapu ya kawaida na kuziacha springi zilezile, gari litalala chini siku hiyohiyo. Ukibadilisha aina, badilisha vyote viwili.

Pima kabla ya kufungua chochote

Egesha gari kwenye sakafu iliyonyooka, buti tupu, upepo wa matairi sawasawa pande zote. Chukua futi ya kupimia. Pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, kila upande, nyuma na mbele. Andika namba nne kwenye karatasi. Usipime kutoka chini sakafuni, maana tairi lililoisha au upepo pungufu vitakudanganya. Linganisha na kimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha ufundi cha gari. Nyuma ikiwa chini, springi zimelala. Upande mmoja ukiwa chini kwa sentimita moja na nusu au zaidi kuliko mwenzake, tafuta springi iliyovunjika.

Springi iliyovunjika huwa haionekani kirahisi. Mara nyingi huvunjika kwenye duara la mwisho la chini, pale kwenye kikalio, sehemu springi inapokalia, ambako tope na maji hujikusanya, na kipande kilichokatika hubaki kimekaa mahali pake kama vile hakuna kilichotokea. Chukua tochi, futa tope, zungusha kidole pole pole kwenye ncha. Ncha nzima imekatwa kiwandani, ni safi. Iliyovunjika ina ukingo wenye chembechembe na kutu.

Kwa shokapu, watu hupenda lile jaribio la kukandamiza kona ya gari na kuachia. Likipanda, likashuka kidogo na kutulia, wanasema shokapu nzima. Jaribio hilo linakamata shokapu iliyokufa kabisa, lakini iliyochoka nusu inaweza kulipita bila shida. Mimi naamini zaidi macho na barabara. Ukungu mwepesi wa mafuta juu ya shokapu si hukumu. Mafuta yanayotiririka na kushika vumbi hadi chini ni hukumu. Tairi lenye mabonde mabonde kwenye kashata zake, ukilipapasa unahisi mawimbi, linasema gurudumu limekuwa likirukaruka. Na barabarani, gari lenye shokapu zilizokwisha huendelea kuyumba kama mtumbwi baada ya tuta kupita.

Bushi zinataka mtaimbo mdogo. Gari likiwa limesimama salama juu ya stendi (njia sahihi inakuja hapa chini), chomeka mtaimbo kati ya mkono wa ekseli na bodi, sukuma kidogo. Raba kujikunja kidogo ni kawaida. Ukiona chuma cha katikati kinahama na raba imebaki, au mpasuko unaozunguka raba yote, imekwisha. Dalili ya barabarani: mlio mmoja mzito ukitoka rivasi kwenda gia ya mbele, au nyuma ya gari kujigeuza yenyewe kidogo unapokanyaga na kuachia mafuta, kana kwamba kuna mtu nyuma ana usukani wake.

Ukiwa huko chini, gonga kwa nyuma ya bisibisi sehemu za bodi zinaposhikiliwa shokapu na springi. Chuma kizima kinalia kwa ukali. Kinacholia kama boksi la karatasi kimeliwa na kutu, na hapo kazi yako si springi tena, ni ya mtu wa kuchomelea. Ujue hilo leo, kabla gari halijafunguliwa nusu.

Vifaa na vipuri

Jeki mbili, moja ikiwa ya magurudumu yenye uwezo wa tani mbili au zaidi. Stendi mbili imara za kuanzia, na nyingine mbili zitakufaa sana mwishoni. Kabari za kuzuia magurudumu. Seti ya soketi na spana za ringi, mara nyingi namba 13 hadi 19, na mpini mrefu wa soketi. Toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza. Brashi ya waya, nyundo, mtaimbo, msumeno wa chuma, miwani ya kukinga macho, na kopo la mafuta ya kulegeza kutu. Kwa bushi utahitaji jiliwa, au fimbo nene ya hesi (iliyochongwa mikato ya skrubu) yenye nati na washa, pamoja na soketi kubwa na kipande cha bomba. Nitaeleza.

Vipuri hununuliwa kwa jozi. Springi mpya upande mmoja na kongwe upande wa pili ni gari lenye kiatu kimoja. Hakikisha springi ni za stesheni, kwa sababu za sedani zina waya mwembamba au mizunguko tofauti, na zinaweza kuingia vizuri tu halafu zikalala siku ya kwanza ukipakia. Kama kawaida yako ni kujaza buti au kuvuta trela, watengenezaji wengi wa springi hutoa pia aina nzito zaidi. Ila gari likiwa tupu litakuwa gumu nyuma na litarukaruka, kwa hiyo usinunue kwa tamaa.

Nunua pamoja na raba za vikalio vya springi, raba za kugotea, raba za ncha za shokapu, na nati mpya za kujifunga, zile zenye plastiki ndani. Nati hizo zimekusudiwa kufungwa mara moja. Bolti zilizoliwa na kutu katikati nazo zibadilishwe, na mpya iwe na daraja lilelile la ugumu lililochapwa kichwani. Bolti yoyote ya dukani yenye urefu unaofanana haitoshi hapa.

Bushi za raba au za poliuretheni, ile plastiki ngumu? Za poliuretheni hudumu na huingia kwa mkono bila kushindiliwa, lakini hupitisha ngurumo ya barabara ndani ya gari na zisipopakwa grisi yake maalumu hulia kama kitanda kibovu. Kwa gari la familia nachagua raba. Wenye shauku ya mbio wana maoni yao.

Siku tatu kabla

Pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye kila nati na bolti utakayoifungua, baada ya kuisugua kwa brashi ya waya. Rudia kesho yake, na kesho kutwa. Hatua hii ni ya dakika kumi, nayo imeniokoa kuliko kifaa chochote ninachomiliki. Piga picha pia: mikono imekaaje, paipu ya breki imepita wapi, ncha ya springi inaelekea upande gani.

Kuinua

Hapa usiwe na haraka. Kwenye gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma, handibreki inashika nyuma, na gia nayo inashika nyuma. Ukishainua nyuma, vyote viwili havishiki kitu. Kinachozuia gari lisisogee ni kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, basi. Ziweke kabla hujagusa jeki, na ziwe kabari, si jiwe uliloliokota njiani.

Legeza nati za matairi robo mzunguko wakati matairi bado yako chini. Inua nyuma kwa jeki ya magurudumu, chini ya difu kama kitabu cha gari kinaruhusu. Weka stendi chini ya bodi, kwenye sehemu zilizotengwa kwa kuinulia, mbele ya magurudumu ya nyuma. Zisikae chini ya ekseli kwa sasa, maana ekseli ndiyo inayotakiwa kushuka. Shusha gari lilale juu ya stendi, kisha ulisukume kwa bega kutoka pembeni. Likitikisika kwenye stendi, bora ujue sasa kuliko ukiwa chini yake. Toa matairi, uyalaze chini ya vizingiti vya milango; stendi ikiteleza, bodi itaangukia tairi badala ya kifua chako.

Jeki irudi chini ya difu, iiguse ekseli na kuipandisha kidogo tu. Haitaondoka hapo hadi springi zimetoka.

Shokapu

Kwenye magari mengi ya aina hii shokapu ndiyo pia kamba inayoizuia ekseli isining'inie kupita kiasi. Ukifungua zote mbili bila jeki chini, ekseli inadondoka na kitu cha kwanza kuvutika ni mpira wa breki. Ndiyo maana jeki ipo pale.

Nati ya juu mara nyingi imejificha ndani ya buti, nyuma ya paneli ya pembeni au chini ya zulia. Ukiizungusha, fimbo ya shokapu huzunguka nayo. Ncha ya fimbo huwa imechongwa bapa mbili au ina tundu la pembe sita: ishike hapo kwa spana ndogo huku unafungua nati kwa spana ya ringi. Kama nati imegoma kabisa na shokapu inakwenda jalalani, ikate kwa msumeno. Kwa grainda, kumbuka tangi la mafuta liko jirani sana na huko nyuma. Cheche na mvuke wa petroli havijui urafiki. Bolti ya chini hufunguka kwa mpini mrefu. Nati ikitoka lakini bolti imeng'ang'ania, rudisha nati hadi isawazike na ncha ya bolti, ndipo ugonge, ili usiharibu hesi.

Springi

Sasa tazama kila kitu kinachounganisha ekseli na bodi: mpira wa breki, paipu, waya za ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) kama zipo, kebo ya handibreki. Kwenye stesheni wagoni nyingi kuna kitu kingine ambacho watu hukisahau, vali ya mzigo. Ni vali ya breki iliyo kwenye bodi, imeunganishwa na ekseli kwa kifimbo au kispringi kidogo, na hupunguza nguvu ya breki za nyuma gari likiwa tupu. Weka alama ya rangi mahali kifimbo chake kilipofungwa, kisha ukiachilie. Ukiivuta kwa nguvu utaipinda, na breki zako hazitakuwa sawa tena.

Shusha jeki polepole, pumzi moja moja, jicho likiwa kwenye mpira wa breki. Springi zinalegea kadiri ekseli inavyoshuka, na kwenye mpangilio huu kwa kawaida hufikia mahali zikacheza kwa mkono. Pengine zimefungwa kwa bolti chini au juu. Ifungue pale springi inapokuwa imelegea, si kabla. Toa moja, kisha nyingine.

Kama ekseli imeshuka hadi mwisho na springi bado imebana, usiichokonoe kwa mtaimbo. Springi iliyokandamizwa ina nguvu ya kuvunja mfupa. Tumia vibano viwili vya springi, vikabiliane pande mbili za duara, kulabu zishike mizunguko kikamilifu, na uvikaze kwa zamu, mizunguko michache huku na michache kule. Vikaze kwa mkono, bila bunduki ya upepo, na usikae kwenye mstari wa ncha za springi. Kwa wale wenye shokapu iliyopita ndani ya springi, hii ndiyo njia pekee: nati ya juu ya fimbo haiguswi hata kidogo kabla springi haijakandamizwa na kulegea kwenye vikalio vyake. Kama huna vibano vizuri, peleka kipande hicho gereji wakutenganishie.

Vikalio vikiwa wazi, kwangua tope na kutu, zibua matundu ya kutolea maji, paka rangi ya kuzuia kutu, acha ikauke. Raba ya kugotea iliyosagika itolewe, mpya iingie sasa maana nafasi unayo.

Bushi

Fanya mkono mmoja kwa wakati. Ukifungua yote, ekseli itahama, na kuilazimisha irudi kwenye matundu ya bolti ni vita vya peke yako dhidi ya chuma cha kilo nyingi.

Kabla ya kutoa bushi, iangalie uso wake. Baadhi zina matundu mawili kama figo ndani ya raba, na matundu hayo yana mwelekeo: upande mmoja raba ni laini, upande mwingine ngumu, kwa makusudi. Chora mstari kwenye mkono kuonyesha yalikokuwa yakielekea. Pima pia bushi imechomoza kiasi gani kila upande.

Kuitoa: weka soketi yenye kipenyo kidogo kuliko ganda la nje la bushi upande mmoja, kipande cha bomba kipana kuliko bushi upande wa pili, pitisha fimbo ya hesi katikati, weka washa nene, kaza nati. Bushi inasukumwa na soketi, inaingia ndani ya bomba. Jiliwa kubwa hufanya kazi hiyohiyo. Ikigoma, toboa raba pande zote hadi katikati kutoke, halafu chomeka bledi ya msumeno na kata mstari mmoja kwenye ganda la nje. Kata ganda tu. Ukihisi limeachia, simama, usiuchore mkono wenyewe. Ganda likishapasuliwa hujikunja kwa tindo na kutoka.

Wapo wanaochoma raba kwa moto. Moshi wake ni sumu, na kama mkono bado uko kwenye gari, nimeshasema tangi liko wapi.

Safisha tundu liwe laini, ingiza mpya kwa fimbo ileile, safari hii ukisukuma ganda la nje tu. Ukisukuma chuma cha katikati utachana raba kabla haijafanya kazi hata siku moja. Maji ya sabuni yanatosha kulainisha. Mafuta ya injini na grisi ya kawaida huvimbisha na kuoza raba asilia.

Kurudisha, na bolti zisizokazwa bado

Rudisha mikono kwa bolti zake, nati ziguse tu. Weka raba za vikalio, ingiza springi mpya. Ncha ya waya ikae kwenye kizuizi chake kwenye kikalio; isipokaa, gari litakuwa juu upande mmoja na springi italia. Mara nyingi maandishi yaliyochapwa kwenye springi yanatakiwa kusomeka wima, kichwa juu. Pandisha ekseli kwa jeki, huku ukihakikisha springi haijaegemea pembeni.

Shokapu mpya isifungwe kama ilivyotoka kwenye boksi. Imelala ghalani, na hewa au gesi imeingia mahali pa mafuta. Isimamishe wima, vuta fimbo hadi mwisho. Igeuze kichwa chini, ikandamize hadi mwisho. Rudia mara tatu hadi tano, mpaka mwendo wake uwe mzito sawasawa bila sehemu tupu. Kisha ibaki wima hadi ifungwe. Usishike fimbo yake kwa koleo hata kwa kitambaa. Mkwaruzo mmoja kwenye ule uso unaong'aa utakata sili, raba inayozuia mafuta yasitoke, na shokapu mpya itavuja. Nati ya juu yenye raba hukazwa hadi kimo kilichoandikwa, si hadi raba itokeze kama kashata iliyokanyagwa.

Rudisha kifimbo cha vali ya mzigo kwenye alama, na kila paipu mahali pake.

Sasa jambo ambalo wengi hulikosea, na nilikosea mimi. Raba ya bushi imegandishwa kwenye chuma cha katikati na kwenye ganda la nje. Haizunguki, inajikunja. Ukikaza bolti, unakibana chuma cha katikati kisiende popote, na pale ulipokibana ndipo panakuwa mahali pa raba kupumzika. Ukikaza ekseli ikiwa inaning'inia, raba imepumzika hapo chini. Ukishusha gari, uzito unaupandisha mkono, na raba inabaki imesokotwa saa zote, gari likiwa limesimama au linatembea. Bushi zangu za kwanza zilichanika kabla ya mwaka, nikamlaumu aliyeniuzia.

Kwa hiyo hamisha uzito. Pandisha gari kwa jeki, ziweke stendi chini ya mirija ya ekseli karibu na magurudumu, toa zile za bodi, na ulishushe hadi gari lote likalie springi zake. Au rudisha matairi na ulipandishe kwenye ngazi za magari, kabari zikiwepo. Likandamize nyuma mara kadhaa litulie. Hapo ndipo unakaza bolti za mikono na za fimbo ya Panhard kwa toki renchi, kwa namba zilizo kwenye kitabu cha gari lako. Namba hizo hutofautiana kutoka bolti hadi bolti, usiazime za gari jingine. Bolti za chini za shokapu zenye bushi ya kupitishwa nazo zikazwe sasa. Bushi za poliuretheni, ambazo chuma chake cha katikati huzunguka ndani, hazidai hili kwa ukali, lakini halikugharimu kitu kulifanya.

Springi za mabapa, kwa ufupi

Hapa ekseli imefungwa juu au chini ya springi kwa yu-bolti (bolti zenye umbo la U), na katikati kuna sentabolti ambayo kichwa chake huingia kwenye tundu la kikalio. Kichwa hicho ndicho kinachopanga ekseli iwe mraba na gari; kisipoingia vizuri gari litatembea mshazari. Yu-bolti ziwe mpya, zikazwe kwa kupishana, na zikaguliwe tena baada ya kilomita mia chache. Bushi za macho ya springi, yale matundu ya ncha zake, na za shako, kiungo kinachoshika ncha moja ya springi kwenye bodi, hufuata sheria ileile ya kukazwa gari likiwa limekalia uzito wake.

Barabarani

Kwanza kanyaga breki gari likiwa limesimama, uhakikishe pedeli ni ngumu, kisha chungulia mpira wa breki na paipu kama kuna unyevu. Nenda mwendo wa polepole kwenye barabara tupu, jaribu breki mara kadhaa, pita kwenye matuta ukiwa umezima redio. Mlio mpya karibu kila mara ni nati ya juu ya shokapu au springi isiyokaa kwenye kizuizi chake. Baada ya kilomita 50 hivi kaza tena nati za matairi kwa toki renchi.

Pima tena zile namba nne. Nyuma imepanda, na itashuka kidogo springi zikizoea katika wiki za kwanza. Kwa kuwa makalio yamepanda, taa za mbele sasa zinaangalia chini zaidi, zipandishe. Vali ya mzigo nayo ilipangwa kwa kimo cha gari: kama kimo kimebadilika sana, au umeweka springi nzito kuliko za awali, vali itadhani gari ni tupu hata likiwa limejaa, na breki za nyuma zitafanya kazi pungufu. Marekebisho yake yako kwenye kitabu, na kwa magari mengi yanahitaji geji ya shinikizo. Hiyo moja mimi humwachia fundi wa breki.